Kadi Iliyochukuliwa kwa Utani

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kulinda mifumo ya kompyuta ya serikali, ile inayopokea picha za setilaiti, huniuliza habari za wadukuzi wa ng'ambo. Laiti wangekuwa hao! Mdukuzi wa ng'ambo angalau anahangaika. Wezi niliowaona Tabora waliiba huku wanakunywa chai, na kilichonitia kinyaa zaidi ni vicheko vyao.

Kituo chetu kiko upande wa Itetemia, dishi kubwa katikati ya mashamba ya karanga. Picha za misitu hutufikia pale. Sheria niliyoiweka mwenyewe ilikuwa moja: picha haifutwi mpaka mashine isome kadi mbili za watu wawili, ya bosi na ya mtunza kumbukumbu. Mmoja akiharibika, mwingine azuie. Niliona nimemaliza kazi, kumbe utani sikuutia hesabuni.

Bosi ni Mzaramo. Mtunza kumbukumbu ni Mnyamwezi wa Kanyenye, kama mimi. Tumetaniana na watu wa pwani tangu enzi za misafara, babu zetu walipowabebea mizigo, na mtani akichukua kitu chako hukasiriki. Ukikasirika, wewe ndiye huna adabu. Siku moja wakati wa chai bosi aliinyakua kadi ya mwenzangu huyo mezani.

"Mpagazi, hata kikadi hiki unakibeba mwenyewe? Lete nikupunguzie mzigo."

Ofisi nzima ilicheka, mwenye kadi kuliko wote. Nilipodai irudishwe, niliambiwa nimesoma mpaka nimekauka. Kadi ikabaki kwenye droo ya bosi.

Baadaye mlinzi mmoja wa msitu kule Usinge alitoa taarifa kwamba wakubwa fulani wanakata miti ya mininga ndani ya hifadhi. Wakamgeuzia kibao: wakasema mzushi, afukuzwe. Tegemeo lake lilikuwa picha zetu tu. Alikuja kituoni amevaa shati lake la kuendea kanisani, akaniomba nimtafutie. Nikatafuta. Zilikuwa zimefutwa kwa kadi zote mbili, kwenye kompyuta ya bosi, siku ambayo mwenzangu alikuwa msibani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nilimfuata mwenzangu kwake.

"Sema ukweli tu, kwamba kadi hukuwa nayo. Yule baba atapoteza kazi."

"Ndugu yangu, nimshitaki mtani? Baba yangu alipofariki, yule ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Nami nikifa, nani atanipokea?"

Utani ni kitu kizuri. Tulipomzika bibi yangu, watani ndio waliotuchekesha mpaka tukaweza kumeza chakula. Sasa watu hawa walikuwa wamekitwaa kitu hicho wakafutia mikono yao michafu.

Kwenye kikao cha kuamua kesi ya mlinzi yule nilieleza yote na kuonyesha kumbukumbu za mashine. Mwenyekiti akamgeukia mwenzangu, akamuuliza kadi yake alikuwa nayo nani.

"Nilikuwa nayo mimi, mheshimiwa. Nilizifuta kwa bahati mbaya, nikisafisha mashine."

Hakuna aliyemuuliza alizifutaje akiwa makaburini. Alipewa onyo la mdomo. Mlinzi wa msitu akaachishwa kazi kwa kutoa taarifa isiyo na ushahidi. Nje alinishika mkono, akanishukuru kwa kujitahidi, na mimi nikashindwa hata kumtazama usoni. Nyuma yetu bosi alikuwa anampigapiga mwenzangu mgongoni, akimwambia Wanyamwezi kweli wanajua kubeba.

Nilirudi kituoni na hasira zangu, nikaziondoa kadi zote. Nikafunga mashine ya kusoma alama za vidole, vya bosi na vya mwenzangu, na kidole hakinyakuliwi mezani. Hata usingizi ulirudi.

Juzi tuko kwenye chai, bosi akaita kutoka ofisini kwake, mlango wazi. Kwenye kompyuta yake niliona picha ya msitu mwingine, na ndani yake uwazi mweupe palipokatwa miti.

"Mpagazi, niletee kidole."

Mwenzangu aliweka kikombe chini, akafuta mafuta ya kitumbua kwenye suruali ili mashine imsome vizuri, akaenda. Wengine walicheka.