Usukani wa Mzee Tranter

Norris Tranter aliendesha malori ya maziwa mpaka akastaafu, na hakuna aliyewahi kumsikia akijisifu ila kwa jambo moja: hajawahi kugonga hata kuku. Kila kiangazi aliipakia familia garini akaipeleka kwenye miji ya kale ya Uingereza, Tewkesbury, Ledbury, kisha Ludlow. Mkewe Beryl alikaa mbele na chupa ya chai mapajani. Nyuma alikaa binti yao Gwenda na mwanawe Tamsin, kitoto cha kike ambacho mdomo wake haufungi.

Mwaka ule macho ya mzee yalikuwa yanafifia. Yeye alijua. Wao pia walijua. Lakini watu wale bwana! Afadhali wafe kuliko kumtia mtu aibu. Basi wakawa wanamsomea barabara kana kwamba wanapiga soga tu.

"Aa, kipilefti hicho kinakuja," Beryl alisema. "Wamekipandia maua, kizuri kweli."

"Na taa ile jamani, nyekundu hasa!" Gwenda akadakia.

"Leo mnapayuka kama kasuku," Norris alinung'unika, akakanyaga breki.

Ledbury ilikuwa siku ya soko. Watu walijaa chini ya jengo la kale la soko, lililosimama juu ya nguzo za mbao, mpaka wakamwagika barabarani. Beryl alikuwa ameinama akimimina chai, Gwenda akitafuta sandwichi.

"Babu! Mtoto!" Tamsin alipiga ukelele.

Gari lilisimama kwa kishindo. Mbele yake kidogo tu, mwanamke aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto aliganda, mkono kifuani. Kisha, Mwingereza ni Mwingereza, yeye ndiye aliyeomba radhi, akavuka.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na siku ile kiliwakosakosa. Norris aliegesha kando. Chai yote ilikuwa kwenye sketi ya Beryl, wala hakulalamika.

"Sikumwona," Norris alisema. "Beryl, sikumwona kabisa."

"Najua, mpenzi."

"Mmejua tangu lini?"

"Tangu Pasaka, baba," Gwenda alijibu. "Tulishindwa kukwambia. Unafurahi mno ukiwa unaendesha."

"Kwa hiyo mngeniacha niue mtu kwa ajili ya adabu? Na mimi nilijua, nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Roho ilimuuma Norris kuliko siku aliyostaafu. Alichomoa ufunguo, akamkabidhi Gwenda, akazunguka upande wa pili. Beryl alihamia nyuma, akampapasa bega mumewe alipoketi.

"Twende Ludlow," Norris alisema.

Gwenda aliendesha taratibu, kama anafanya mtihani. Walipotoka nje ya mji, Norris alisikia kwikwi ubavuni mwake.

"We Gwenda, unalia?"

"Silii, baba."

"Futa machozi, mwanangu, tazama barabara. Kulia niachie mimi. Mimi siendeshi tena."