Usimjibu "Nimeshiba" Mwenye Sindano

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilivyokaribia kuzimia Kariakoo nikiwa na sindano sita shingoni na mabegani. Usicheke. Nina miaka kumi na saba. Kwako wewe wa kidato cha kwanza mimi ni mzee kabisa, na ukubwa jalala.

Goti la Bibi lilikuwa limegoma. Tunakaa ghorofa ya nne, lifti hamna, na siku hiyo alishuka ngazi kwa makalio, moja moja. Hospitali walishampima, vidonge vikamchosha. Akakubali tiba ya sindano ya Kichina kwa sharti moja: nianze mimi, mwenye shingo iliyokaza kwa kuinamia simu. Nikishindwa, anaondoka.

Daktari, mama wa Kichina mwenye Kiswahili cha sokoni kabisa, akaniuliza, "Kijana, umekula?"

Kwa woga sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu asubuhi. Lakini Bibi amenilea hivi: ukiulizwa hivyo kwa watu, hata tumbo lingurume, jibu ni moja.

"Nimeshiba."

Akafungua pakiti mpya mbele yetu, akanipangusa kwa spiriti. Sindano zenyewe nyembamba kama unywele. Unasikia kama sisimizi kakuuma, kisha panakuja uzito fulani, kama ganzi.

"Tulia hapo kitini. Dakika ishirini."

Dakika ya tano, jasho la baridi. Masikio yakavuma, ukuta ukaanza kutembea. Bibi ananikodolea, mkoba kaukumbatia, mguu mmoja mlangoni. Nikisema, goti ndiyo basi tena. Nikatabasamu. Midomo ikafa ganzi.

"Dokta... nazima."

Alizichomoa zote upesi, akanilaza, akaninyanyua miguu. "Si ulisema umeshiba?"

"Kashiba wapi!" Bibi akafoka. "Chapati zake ziko mezani! Wee, adabu ya ugenini unaileta kwa daktari? Ungenifia hapa, ningekupandishaje ghorofa ya nne?"

Nikanyweshwa maji ya sukari, nikijua nimeharibu kila kitu. Bibi akaweka mkoba chini, akapandisha gauni hadi gotini.

"Huyu mama akiambiwa anasikia. Nichome, dokta. Mimi nimekula kweli."

Goti halikupona siku ile. Alirudi mara kadhaa, na sasa anashuka kwa miguu, polepole, ameshika ukuta.

Basi, mwanangu, mficha uchi hazai. Kula kabla ya kwenda kuchomwa. Taja dawa unazotumia. Pakiti ifunguliwe unaiona. Na ukijisikia vibaya, sema hapo hapo, hata kama umeshajifanya jasiri mbele ya ukoo mzima. Mungu akujalie tumbo lenye kitu na ulimi usioona haya.