Machungwa Madogo Juu

Naikumbuka Alhamisi moja, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka majirani hapa Mchafukoge wanadhani Bibi kaanza kuchanganyikiwa. Waache wadhani! Siku hiyo nilimuua baba yangu katikati ya Kariakoo, na muda uleule akafufuka ana kikombe cha chai mkononi.

Kaa vizuri nikuhadithie. Na hiyo simu iweke chini kwanza.

Baba yangu, yaani babu yako Mzee Kondo tuliyemzika mwezi juzi, alikuwa mkulima wa machungwa kule Mkuranga. Kila Alhamisi asubuhi alikuja na lori, matenga yake ya fito yamejaa. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi hapa mjini, kwa hiyo nilikuwa namsaidia kuuza. Alikuwa na kawaida moja iliyonikera, usiombe! Wenzake wote sokoni wanapanga machungwa makubwa juu, mabovumabovu wanayafukia chini. Yeye kinyume chake. Madogo yenye madoa ndiyo yanakaa juu, makubwa matamu yote yapo chini.

Hata nyumbani alikuwa hivyohivyo. Tukikaa kwenye sinia, watoto saba, alikuwa ameshatufukia minofu ya samaki chini ya wali upande wetu, yeye anajilia kichwa na mchuzi huku anatuangalia tunavyochimba. Anayeupata mnofu anapiga kelele, na baba anacheka kuliko sisi. Jamani, yule mzee alikuwa na raha! Nampenda mpaka kesho.

Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, kwa hiyo najua kila kitu. Niliona tunaaibika. Wapita njia wanatupia jicho matenga yetu, wanabetua midomo, wanaenda kwa jirani. Basi Alhamisi hiyo baba alipoenda kunywa chai, nikamwaga matenga yote manne nikayapanga upya haraka haraka, makubwa juu, madogo chini. Nikayapangusa kwa ncha ya khanga mpaka yakang'aa. Weee! Nikarudi nyuma nikayatazama, nikajiona bingwa.

Mara akaja Bi Tatu. Huyu alikuwa mteja wa baba wa miaka, akiuza matunda Upanga kwa watu wanaoenda hospitali kuangalia wagonjwa. Alikuwa anachukua mzigo wetu wote, na hajawahi hata siku moja kuingiza mkono kwenye tenga kuchungulia. Asipochukua yeye, mzigo unalala, na kwa joto la hapa siku ya tatu ni wa kutupa.

"Shikamoo, Bi Tatu."

Aliyatazama yale machungwa makubwa ya juu, mkono ukampanda kifuani.

"Mwanaidi, Mzee kafa lini?"

"Hajafa, Bi Tatu, yupo hapo..."

"Usinifiche, mwanangu! Mzee Kondo akiwa hai tenga haliwezi kupangwa hivi!"

Akaangua kilio, kilio cha msiba hasa. Wanawake wakakimbilia, huyu ananikumbatia, yule ananipa pole. Wabeba mizigo wakashusha magunia wakisema inna lillahi. Na mimi nilivyo mjinga, nikaanza kulia na mimi!

Baba huyo akatokea na kikombe chake. "Jamani, nani kafa?"

Loo! Kuna mtu alitimua mbio, wallahi. Bi Tatu akamshika mikono yote miwili akawa anamgeuzageuza, soko zima linacheka, nami natamani ardhi inimeze. Baba hakucheka. Aliyaangalia matenga, akaniangalia mimi, akaweka kikombe chini. Kisha akamwaga machungwa yote juu ya turubai.

"Mwanaidi," akasema taratibu, "huyu mama haangalii tenga langu kwa sababu ananiamini. Furaha yake nataka aipate akishafika kwake, mimi sipo. Ukimpa yote mazuri hapa juu, kule akifunua atakuta nini? Haya, panga."

Nikapanga, jua la saa sita utosini, na kila anayepita ananiuliza, "Marehemu hajambo?" Bi Tatu alisubiri mpaka tenga la mwisho, akachukua yote.

Jina la Marehemu likamganda baba miaka yote iliyofuata, na akalipenda! Ukimwita hivyo anakujibu, "Hajambo, anakusalimu."

Mwezi juzi ndiyo kweli akatutoka. Wiki ile mimi sikulia, nilikaa tu kama gogo. Bi Tatu, naye kizee sasa, akapandishwa ngazi za ghorofa hii akiwa ameshikwa mkono. Hata pole hakunipa.

"Mwanaidi, machungwa ya wiki hii yamekuja?"

"Yamekuja. Mdogo wangu kayaleta."

"Yamepangwaje?"

"Madogo juu."

Akafumba macho, akatabasamu. "Basi Mzee hajafa."

Hapo ndipo nilipolia, mwanangu, nikacheka, vyote kwa pamoja.

Sasa wewe unafungua genge lako Jumatatu, na jana nimekuona unapiga picha chungwa moja ulilolipangusa mara kumi. Piga, sikukatazi, vijana wa Bongo siku hizi mnauza kwa picha. Ila nakuomba mzigo uwe mzuri kuliko picha yake. Mtu anayekukagua atajichagulia mwenyewe. Yule asiyekukagua ndiye umwekee kilicho bora, kwa sababu amekukabidhi macho yake. Na ukijaliwa watoto, wafukie minofu chini ya wali, uone watakavyopiga kelele.

Nenda, mjukuu wa Mzee Kondo. Mungu akupe wateja wasiochungulia tenga, na akupe umri mrefu, wakuite marehemu miaka hamsini nawe bado unakunywa chai.