Vifupa Vilivyoliwa

Masikio ya mshonaji mmoja yalianza kutoa usaha akiwa mtoto mdogo, muda mfupi baada ya mama yake mzazi kuzikwa. Mama wa kambo aliyaziba kwa vitambaa, akamketisha karibu na mlango wakati wa chakula kwa sababu ya harufu, na akamwambia baba kuwa ugonjwa ule ulitoka katika damu ya marehemu. Baba aliamini. Tangu hapo hakumtaja marehemu ila kwa kusikitika kwamba alimwachia kizazi chenye kasoro.

Binti alikua akiyasoma maneno midomoni mwa watu. Mwendo wa cherehani aliufuata kwa mtetemo wa meza chini ya viganja, na sare alizoshona hazikuwa na mshono uliopinda. Hatimaye, akiwa mtu mzima mwenye mume, alifika kwa daktari mpasuaji, ambaye alimweleza kwamba usaha wa miaka mingi ulikuwa umevila vifupa vya sikio la kati, vile vinavyopokezana sauti kutoka kwenye kiwambo cha sikio. Daktari akampandikizia kifupa kingine cha kuundwa. Bandeji ilipofunguliwa, alisikia nguo yake mwenyewe ikichakacha, akalia.

Nyumbani kwa baba yake, alikokwenda kila siku kumuuguza mama wa kambo aliyevunjika nyonga, alisema tu kwamba usaha umekauka. Akaendelea kuuliza “nini?” kama kawaida, huku akingoja.

Alasiri moja dada wa yule mgonjwa alikuja kumjulia hali. Mshonaji alikuwa akipinda shuka kwa cherehani, amewapa mgongo. Mgeni alinong'ona kwamba huenda binti anawasikia.

“Huyo? Bora uzungumze na hilo kabati,” mgonjwa akacheka. “Alipokuwa mdogo, muuguzi mmoja aliniambia nimpeleke hospitali mapema, masikio yatapona. Nikasema nijisumbue ya nini, mtoto wa mwenzangu?”

Cherehani ikasimama.

“Na ile hadithi ya damu ya mama yangu, mama, uliitoa wapi?”

Mgeni alitafuta viatu vyake, akatoka bila kuaga. Mgonjwa alijivuta ukutani, akaomba radhi kwa sauti ya chini mno, kwa jina la Mungu, akisihi baba asiambiwe. Kusamehe ni ibada, na mshonaji alilijua hilo. Thawabu yake hakuitaka siku ile. Mlangoni baba alikuwa akivua kofia, ametoka kusali.

“Sijasikia,” alisema, akimsogezea baba kiti karibu na kitanda. “Sema kwa sauti, mama. Baba naye asikie.”