Protrakta ya Kuazima

Leo binti yangu amefungua seti mpya ya jiometri, na harufu ile ya plastiki ikanirudisha shuleni.

Huko Mwingi, darasani, tulikaa wawili dawati moja. Protrakta ilikuwa ya mwenzangu, lakini mimi ndiye niliyeing'ang'ania. Pale mstari ulipokata mistari miwili sambamba, nilisoma namba za juu badala ya za chini, nikaandika digrii mia na thelathini kwa pembe ndogo kama mdomo wa kuku. Muda wa jaribio ukakaribia kwisha, naye mwenzangu, bila cha kupimia, akaandika jibu langu.

Mwalimu aliliona kosa lile lile kwenye madaftari yote mawili, akatusimamia akiwa na rula ya mbao.

"Nani alikopi mwenzake?"

Sikuinua kichwa.

"Ni mimi, mwalimu," alisema mwenzangu, akanyoosha mikono yote miwili.

Yangu ilikuwa chini ya dawati, imeifinya protrakta yake.