Herufi ya Kwanza ya Maua

Mwanawetu Salumu alirudi Nachingwea mwaka 1993 juu ya lori la mizigo, akiwa amekumbatia sanduku la mbao lenye urefu wa mlango. Njia nzima kutoka Dar es Salaam hakukubali lilale chini. Lori lilipokaribia shimo alilinyanyua kwa mikono miwili ili mtikisiko umwishie mwilini mwake. Walipofika kwenye pantoni ya Ndundu abiria wenzake walishuka kunywa chai, yeye akabaki juu ya magunia, juani, akihesabu misumari ya kifuniko kana kwamba mmoja ungeweza kutoroka.

Ndani ya sanduku, katikati ya magodoro mawili ya sponji, kulikuwa na taa. Ilikuwa taa ya neoni, ile ya mirija ya kioo iliyopindwa kwa moto na kujazwa hewa inayong'aa umeme ukipita: ua kubwa la waridi, jekundu, lenye shina na majani mawili ya kijani, na chini yake neno MAUA kwa herufi nyekundu za kwenda juu kiasi cha mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kwa miaka zaidi ya ishirini na tano taa hiyo ilining'inia juu ya mlango wa duka la maua la mama mmoja wa Kigoa, Mama Piedade, katikati ya jiji. Mwanawetu alifanya kazi katika duka hilo miaka kumi na tisa. Aliingia akiwa wa kufagia majani, akaishia kuwa ndiye anayefunga maua ya maharusi na mashada ya misiba mikubwa. Mama Piedade alipozeeka akafunga duka kwenda kuishi kwa watoto wake ng'ambo, na mafundi waliokuja kubomoa rafu wakataka kuivunja taa wachukue bati lake. Mwanawetu alisimama chini ya ngazi yao akakataa kuondoka. Hivyo ndivyo alivyoipata.

Nyumbani walikuwa wanamsubiri kwa namna nyingine. Mwaka 1974, mumewe alipofariki, Mwanawetu alimwacha binti yake Fauzia kwa bibi yake kule Mandawa, upande wa Ruangwa, akiwa na miaka miwili. Alikusudia kukaa mjini mwaka mmoja. Kila baada ya miaka miwili alikuja wiki moja, na nguo, na biskuti, kisha akaondoka kabla mtoto hajamzoea. Sasa Fauzia alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na moja, mwenye mume, shamba la ufuta na mtoto mgongoni. Alifika Nachingwea kumsalimu mama yake, akaliangalia sanduku lililofunguliwa.

"Ni taa?" aliuliza.

"Ni taa."

"Sisi Mandawa hatuna umeme," alisema Fauzia, na hakuuliza kitu kingine. Kesho yake alirudi shambani.

Nachingwea umeme ulikuwepo, wa mashine za dizeli, wa kuja na kukatika. Mwanawetu alipanga chumba cha mbele katika nyumba ya mzee Kaimu, karibu na soko, akamtafuta fundi wa kuitundika taa. Alimpata Gabrieli, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyekuwa akitunza jenereta ya misheni huko Mnero. Gabrieli alikuwa hajawahi kugusa neoni. Alikaa siku nzima akiichunguza nyuma, kisha akaeleza alichokiona: kulikuwa na transfoma mbili, moja ikilisha waridi pamoja na herufi M, nyingine ikilisha herufi tatu zilizobaki. Alionya pia kwamba umeme wa humo ndani unaweza kumrusha mtu ukutani.

Ilipowaka, watu walitoka sokoni kuja kuitazama. Wakaingia dukani, wakatazama tena, wakatoka. Hakuna aliyenunua ua. Pale kila mwenye uzio alikuwa na maua yake, na hakuona sababu ya kuyapata kwa mtu mwingine. Mwanawetu akabadili kazi: akaanza kutengeneza mashada ya karatasi za krepu kwa ajili ya mazishi na ndoa za Wakristo wa Mnero, na mapambo ya vyumba vya maharusi kwa Waislamu wenzake. Kazi hiyo ilimpa kula. Watu wakamwita Mama Fauzia, kama ilivyo desturi, na kila alipoitwa hivyo alijisikia kama mtu aliyevaa nguo ya kuazima.

Hakuwa mtu wa kukaa. Majirani walisema hawajawahi kumwona ameketi mpaka chai ikaisha kikombeni. Alifunga shada nusu, akatoka nje kuangalia taa, akarudi, akatoka tena. Asubuhi alipanda kwenye kiti akaifuta mirija kwa kipande cha kanga kuukuu, taratibu, herufi moja baada ya nyingine, kwa sababu vumbi la Nachingwea likikutana na unyevu hupitisha umeme pasipotakiwa. Alitoa viota vya nyigu. Aliwafukuza mijusi. Aliweka wavu wa banda la kuku mbele yake kwa hofu ya manati. Upepo ukivuma aliamka akaenda kuishika kwa mkono, akasimama hapo mpaka upepo utulie. Taa ilipozimwa alihangaika kwamba haiwaki, na ilipowaka alihangaika kwamba itaungua.

Mwaka 1999 ikaungua. Wiki hiyo alikuwa amefariki fundi cherehani aitwaye Ildefonsi, jirani wa nyumba ya tatu, aliyeugua muda mrefu. Mwanawetu alikuwa ndani tangu mchana akimalizia shada lake. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa kishindo jioni, jua likiwa linazama. Alisikia mlio wa taa nje kama kawaida, akaendelea kukunja karatasi. Hakujua kwamba transfoma moja ilikuwa imekufa, na waridi pamoja na herufi M zimebaki giza.

Mjane, Dorotea, alikuja na shemeji yake kuchukua shada. Mwanawetu alipotoka nalo mikononi aliwakuta wamesimama katikati ya barabara wanatazama juu, na nyuso zao zilikuwa nyekundu kwa ule mwanga. Naye akageuka. Juu ya mlango wake palikuwa pameandikwa AUA.

Dorotea alilipokea shada kwa mikono miwili, kwa heshima, akaondoka kwa kupita upande wa pili wa barabara. Mwanawetu alikimbilia swichi, lakini nusu ya soko ilikuwa imeshasoma.

Asubuhi mzee Kaimu alibisha hodi. Alikuwa mtu wa adabu na alianza na salamu zote, za afya, za kazi, za mjukuu wa Mandawa.

"Mama Fauzia," alisema mwishowe, "ile taa yako jana ilisema mtu kaua. Mimi najua ni ubovu. Lakini mimi niko peke yangu na wao ni wengi."

Mwanawetu alimwahidi kwamba haitawashwa mpaka ipone. Gabrieli alikuja na mita yake, akathibitisha transfoma imekufa na haifufuki. Alikuwa na wazo. Angeweza kuihamisha ile nzima ilishe waridi na M, herufi tatu zikae giza.

"Isomeke M tu?"

"Watu watasema ni M ya Mwanawetu. Si vibaya."

Mwanawetu alitembea mpaka mlangoni na kurudi mara mbili kabla ya kumjibu. "Mama Piedade hakuandika jina langu pale. Aliandika maua. Itawaka yote au isiwake."

Kwa hiyo haikuwaka, miaka mitatu. Gabrieli alimtuliza kwamba kioo hakiozi, hewa iliyomo itabaki kama mrija haujapata ufa. Vinavyooza ni waya na chuma. Mwanawetu alipaka chuma rangi kila baada ya masika. Alibadilisha waya zote kwa kumsimamia Gabrieli begani. Lakini transfoma haikupatikana. Alikwenda Masasi, alikwenda Mtwara, alikwenda Lindi, na kila mahali mafundi walimwonyesha transfoma za redio. Barua mbili alizotuma Dar es Salaam hazikujibiwa. Akawa anaondoka dukani siku yoyote bila kumwambia mtu, akisikia tu kwamba mahali fulani kuna mashine zinavunjwa, na wateja wa mashada wakawa wanamkuta amefunga.

Gabrieli ndiye aliyekumbuka kwamba tanuri kubwa za mafuta, zile za viwandani, huwashwa kwa cheche inayotoka kwenye transfoma ya aina hiyo hiyo. Alichora kwenye karatasi ya daftari: boksi jeusi la chuma, na juu yake vikombe viwili vyeupe vya kaure vilivyopinduliwa. Mwanawetu akainakili picha hiyo mara nyingi kwa mkono wake, akawagawia madereva wa malori, masista wa Mnero, wanunuzi wa chuma chakavu. Nakala moja alimtumia Fauzia. Hakutegemea kitu kutoka huko. Binti yake alikuwa akimjibu kwa salamu fupi, za afya na mvua.

Mwezi wa nane mwaka 2002, asubuhi mapema, Fauzia alishuka kwenye lori la ufuta mbele ya duka, ana kitu kizito amekifunga ndani ya kanga. Alikiweka juu ya meza ya mashada akakifungua. Boksi jeusi, vikombe viwili vyeupe, kimoja kimemegeka ukingo. Alieleza kwa kifupi kwamba alikuwa sokoni Ruangwa, akamwona mwanamke anauza tumbaku, na turubai lake limekandamizwa na kitu hicho ili lisipeperuke. Alikuwa amekwenda na ile karatasi kila soko tangu alipoipata.

Mwanawetu alilishika boksi, akaliacha, akaenda kutafuta kiti, akarudi bila kiti.

"Ulipoondoka sikuwa nimejua kuongea," alisema Fauzia. "Sikuweza kukuuliza utarudi lini. Sasa nakuuliza. Mandawa utakuja lini?"

"Ikiwaka tu, mwanangu."

"Ikiwaka." Fauzia alilirudia neno hilo bila hasira. Dereva alipiga honi, kwani lori lilikuwa linageuza asubuhi hiyo hiyo, naye akaondoka na kanga yake.

Gabrieli alifanya kazi siku mbili. Alipowasha, waridi lilichelewa kidogo, likapepesa, kisha likashika, na M ikashika baada yake. Neno zima lilikuwa juu ya mlango. Mzee Kaimu alitoka nje akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, ili barabara yote isikie. Watu wakacheka, na hata Dorotea, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama akaitikia kwa kichwa.

Mwanawetu alitegemea kwamba usiku ule atalala. Hakulala. Kulipopambazuka alifunga duka, akamwachia Gabrieli ufunguo, akaenda kusimama njia ya malori.

Mandawa alikaa kuanzia kuvuna korosho mpaka kupanda ufuta. Alijifunza majina ya wajukuu wanne na tabia za kila mmoja. Alichota maji, alipalilia, alipika, na kila akimaliza kazi alitafuta nyingine. Jioni alitembea kutoka nyumba mpaka kwenye mkorosho wa mwisho wa shamba na kurudi, mara sita, mara saba, mpaka Fauzia akamwambia anawatia wasiwasi kuku. Hakuwa na hamu ya kwenda na hakuwa na raha ya kubaki. Usiku mmoja mvua ilipopiga bati alinyanyuka kitandani akanyoosha mkono kushika kitu kisichokuwepo.

Fauzia alimwona. Siku iliyofuata alimwambia mumewe kwamba anakwenda Nachingwea na mama yake, na kwamba watoto wakubwa wanajua kupika ugali.

Walifika saa za alasiri. Mwanawetu alipanda juu ya kiti kwanza, hata kabla ya kunywa maji, akaifuta taa yote. Umeme ulikuja jua lilipokuwa limetua na anga bado ina mwanga. Aliwasha swichi akatoka nje kusimama kando ya binti yake.

Fauzia alikuwa hajawahi kuiona ikiwaka. Alitazama kwa muda mrefu, waridi kwanza, kisha majani, kisha neno. Mwanawetu alisubiri aambiwe kwamba ni nzuri, au kwamba ni kioo tu, na majibu ya yote mawili alikuwa nayo.

"Huko mjini," alisema Fauzia, "miaka yote ile. Asubuhi ukifika pale mlangoni, ulikuwa unaanza na nini?"

Swali hilo Mwanawetu hakuwahi kuulizwa na mtu. Alisema alianza na ndoo. Maua yalikuja kwa basi kutoka Lushoto, yamefungwa kwenye magazeti, na kabla ya kitu chochote ilibidi ncha za mashina zikatwe upya, mshazari, ndani ya maji, ili yasivute hewa. Alimwonyesha kwa vidole jinsi ya kushika kisu. Akaeleza kuhusu miiba, kuhusu baridi ya maji yale asubuhi, kuhusu siku ya kwanza alipovunja chombo akajificha stoo akilia, na kwamba hakuwa akililia chombo.

Fauzia aliingia ndani akatoa benchi, akaliweka ukutani chini ya mwanga. Akaketi, akasogea kumwachia mama yake nafasi.

"Endelea," alisema. "Mimi narudi Jumapili."