Mfuniko Alioupindua Sivert

Watu wa Tromsø, mji wetu wa bandari kaskazini mwa Norwe, wana midomo mirefu, na ya ukoo wetu ndiyo mirefu kuliko yote. Hilo halina ubishi. Sivert Olufsen, mjomba wa mama yangu, alikuwa kijana wa miaka kumi na sita, mwanagenzi wa fundi wa mapipa pale gatini, na kazi aliyoimudu kuliko kupiga pete za mapipa ilikuwa kujisifu. Samaki akivuliwa na Sivert, basi ni mkubwa kuliko mashua iliyomvua. Baridi ikimpiga Sivert, basi hata moto siku hiyo ulitetemeka.

Kiangazi kimoja meli iitwayo Havdis ikatia nanga kwetu. Ilikuwa inakwenda kaskazini kabisa, nyuma ya barafu, kutafuta nchi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuichora. Mji mzima ulisimama gatini kuitazama. Sivert akapeleka mapipa ya maji melini, akaomba kazi. Kapteni Ravnaas akamtazama toka kofia hadi viatu, akasema watu wametosha.

Mwenye akili angenyamaza. Yeye akarudi gatini, akapanda juu ya pipa.

"Nakwenda na ile meli," akatangaza. "Nitaiona barafu kwa macho yangu haya mawili."

"Utakwenda kwa shangazi yako kuokota mayai," akajibiwa na msukuma toroli.

"Nisipofika kwenye barafu, niiteni Kuku wa Berntine mpaka nizikwe!"

Berntine ndiye shangazi aliyemlea, mfuga kuku. Gati zima likacheka, na kijana akawa amejitia kitanzi mwenyewe, maana kwetu jina la utani halifi. Kuna bwana mmoja alitumbukia bandarini amelewa siku ya harusi yake. Mjukuu wake leo ni mchungaji wa kanisa, na bado anaitwa Mlowevu. Sasa hebu fikiria ukoo mzima wa Kuku. Mimi mwenyewe ningekuwa kifaranga.

Siku ya kuondoka, Sivert akabeba pipa la mwisho begani, akashuka nalo ngamani, chumba cha mizigo chini ya sitaha, na hakupanda tena. Akajibanza nyuma ya marundo ya samaki wakavu. Mfukoni alikuwa na bonge la jibini la kahawia ambalo shangazi alimpa la kulia mkate kazini.

Mwanzoni bahari ilipiga mbao kama bahari nyingine yoyote. Baadaye ikanyamaza, ghafla, kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa. Kisha kikaja kitu kingine: mkwaruzo mrefu, wa polepole, kama ukucha wa kiumbe mkubwa kuliko milima, anayepapasa ubavu wa meli kutaka kujua ndani mna nini. Sivert akatega sikio kwenye mbao. Akasahau njaa, akasahau kwamba anajificha. Akausukuma mfuniko wa ngama kwa kichwa na mabega, akautupa pembeni, akachomoza.

Weupe. Weupe mpaka macho yanapoishia, na mbingu juu yake iking'aa kana kwamba imewashiwa taa kutoka chini. Mapande ya barafu yalielea marefu kama makanisa, na nyufa zake zilikuwa za buluu, buluu ambayo hajawahi kuiona kwenye kitambaa wala kwenye jicho la mtu.

Lakini mabaharia pale sitahani hawakuwa wakitazama barafu. Walikuwa wakitazama miguuni pake. Mfuniko ulikuwa umelala tumbo juu.

Kwetu mtoto hajui kufunga kamba za viatu, lakini hilo analijua: mfuniko wa ngama ukilazwa tumbo juu, meli nayo italala hivyo hivyo, na waliomo ndani yake pia.

"Nani huyu?" Hemming, mrusha chusa, mtu aliyewahi kupigana na dubu mweupe kwa kafi, akarudi nyuma hatua mbili. "We kichwa cha chewa! Unataka kutuzika hapa?"

Wakamkamata, wakampekua.

"Ana jibini! Ana jibini la kahawia mfukoni!"

"Jibini la kahawia melini? Mama yangu wee, tumekwisha."

Kapteni alikuwa mtu wa kusini. Jibini kwake ni chakula tu, si nuksi ya safari. "Waungwana, huo ni ubao tu," akasema. Yeye shida yake ilikuwa mdomo wa ziada wa kulisha. Ng'ambo ya barafu ilionekana mashua ya wawinda sili, imejaa ngozi, inarudi Tromsø. "Ataondoka na wale. Teremsheni mtumbwi."

Sivert akaliona gati mawazoni. Akawasikia kuku.

"Kapteni, nakuomba. Nitupe huko mbele ukitaka, lakini usinirudishe."

"Mtumbwi," akasema Kapteni.

Hapo ndipo mpishi, mzee Eliseus, alipotoka jikoni akinywa kahawa kwenye kisahani, donge la sukari limebanwa menoni.

"Na nani ataurudisha huo mfuniko?" akauliza.

"Mimi," akasema Hemming.

"Uguse uone. Huo anaurudisha mwenyewe aliyeupindua. Na akisha kuurudisha, hatoki melini mpaka tufunge kamba nyumbani. Akishuka kabla, anashuka na bahati yetu yote. Babu yangu aliona meli ikizama kwa jambo hilo hilo."

"Mbona mimi sijawahi kulisikia?"

"Wewe, Hemming, umesikia mangapi, na masikio hayo yaliyojaa baruti?"

Mimi ninachojua ni kwamba babu yake Eliseus alikuwa mshona viatu, hakuwahi kupanda hata mashua ya kuvukia. Lakini pale hapakuwa na mtu wa kulisema hilo. Kapteni akaamuru tena mtumbwi uteremshwe. Mabaharia wakatazama vidole vyao. Kapteni hakuwa mjinga.

"Basi amenye viazi," akasema, akaenda zake.

Sivert akaugeuza mfuniko kwa mikono miwili, taratibu, kama anamlaza mtoto. Kisha akaenda gubetini, mbele kabisa ya meli, asubiri kufukuzwa. Hakufukuzwa. Na hapo akaona kitu ambacho ukiwa mbali hukioni: barafu yote ile, kutoka ubavuni mwa meli hadi ukingo wa dunia, ilikuwa inapanda na kushuka. Polepole mno. Bahari ilikuwa hai chini yake, ikiiinua nchi nzima na kuishusha. Katika ufa mmoja akaibuka nyangumi, akapuliza, akalaza jicho lake juu ya meli, akazama bila haraka. Meli kwake haikuwa kitu.

"Haya sema, bwana mdomo," Eliseus akamchokoza. Sivert akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Ile nchi waliiona kwa mbali tu, mgongo mweusi nyuma ya weupe. Barafu haikuwaruhusu kusogea zaidi. Kapteni akaichora hivyo hivyo.

Waliporudi majira ya mvua, gati lilikuwa limejaa.

"Haya, Kuku! Ulifika?"

"Kafika," akasema Eliseus. "Kafika kuliko nyinyi wote."

Wakamsukumia pipa apande, watu wakakaa mkao wa kusikiliza uongo mtamu. Sivert akapanda. Akawatazama.

"Inapumua," akasema. "Barafu yote. Inapumua."

Akashuka, akaenda kuchukua nyundo yake.

Hakuna aliyemwita Kuku tena. Lakini bila jina la utani huachwi mjini kwetu, basi wakamwita Kimya, na kwa ukoo wetu hiyo ni aibu ya aina yake. Alitengeneza mapipa maisha yake yote. Kila meli ilipofungua ngama pale gatini aliacha kazi, akaenda kuhakikisha mfuniko umelala vizuri, akarudi.

Sivert alipokuwa mzee wa kuongozwa njia, mama alimuuliza: kwani kule ilikuwaje hasa, mjomba? Akaushika mkono wa mama, akauweka juu ya kifua chake mwenyewe. Akavuta pumzi ndefu, akaishusha.

"Hivi," akasema. "Lakini kubwa."